Kipimo cha Hedhi Katika Historia ya Utabibu

Ni machache katika mambo ya mwili wa binadamu yaliyosemwa sana na mataifa yote, tena yakajulikana kwa uchache, kama hedhi. Dini zimeiwekea sheria, mila zimeiwekea miiko, na makungwi wameifanyia mafunzo marefu. Walakini swali moja dogo, ambalo binti yeyote aliyevunja ungo huweza kumwuliza mama yake, lilikawia mno kupata jibu la hakika: damu kiasi gani ni ada ya mwili, na kiasi gani ni maradhi? Waliolijibu bila kupima walikuwa wengi, na waliopima walikuwa wachache; na baina ya makundi hayo mawili walipita wanawake wasiohesabika waliovumilia, na baadhi yao wakafa, kwa kuwa waliambiwa kwamba hayo ndiyo mambo ya wanawake.

Wayunani wa kale walikuwa na jibu tayari. Katika vitabu vinavyonasibishwa na wafuasi wa Hippocrates, vilivyoandikwa yapata miaka mia nne kabla ya Kristo, imeelezwa kuwa mwanamke mwenye afya hutokwa na damu kiasi cha kotile mbili kwa muda wa siku mbili au tatu. Kotile ilikuwa kipimo cha vitu vya majimaji, na mbili zake ni karibu nusu lita. Kwa maarifa ya leo kiasi hicho ni balaa tupu. Mwanamke akitokwa na nusu lita kila mwezi, hatapata miezi mingi kabla hajawa mweupe wa viganja na mwenye kizunguzungu kila ainukapo. Lakini waandishi wale hawakuwa wapumbavu. Walishika nadharia kwamba nyama ya mwanamke ni laini kama sufu, hunyonya majimaji ya chakula kupita nyama ya mwanamume, na kwamba majimaji hayo sharti yamwagwe kila mwezi mwili usije ukafurika. Nadharia ilitangulia, na kipimo kikafuata nyuma yake kwa utiifu. Hivyo, kwa tabibu wa namna hiyo, mwanamke aliyetokwa na damu chache ndiye aliyetia wasiwasi zaidi. Mwenzake aliyetokwa na damu nyingi alionekana kuwa amesafishika vizuri.

Sheria za dini zilitazama jambo hili kwa jicho jingine, na kwa upande mmoja zilitazama vizuri zaidi. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanayajua maneno mawili, hedhi na istihadha, ambayo wengi waliyasikia chuoni kabla hawajaijua maana yake. Hedhi ni damu ya ada; istihadha ni damu iliyopita mipaka ya ada. Katika hadithi mashuhuri, Fatima binti Abi Hubaishi alimwendea Mtume kumweleza kwamba damu yake haikomi, akajibiwa kwamba ile haikuwa hedhi bali ilitoka katika mshipa. Makusudio ya jibu lile yalikuwa ibada: mwanamke yule ajue siku za kuacha sala na siku za kusali. Hata hivyo, ndani yake mna tofauti ambayo matabibu wa Kiyunani waliipita kwa haraka, yaani kwamba zipo damu mbili, na moja yake ni ugonjwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii waliweka mpaka wa siku kumi na tano. Walihesabu siku, hawakuhesabu wingi. Na kwa kweli mtu asiye na chombo cha kupimia ataweza kuhesabu nini ila siku?

Wakristo nao wanalo simulizi la mwanamke katika Injili ya Marko, aliyekuwa na ugonjwa wa damu kwa miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake kwa matabibu wengi na hali ikazidi kuwa mbaya. Simulizi hilo husomwa kwa ajili ya imani ya mwanamke yule. Mwanahistoria wa tiba huweza kulisoma pia kama ushahidi: miaka kumi na miwili, na matabibu wengi, na fedha zilizokwisha. Wanawake wa zamani walitafuta msaada. Si kweli kwamba walinyamaza. Waliowaendea ndio waliokuwa hawana la kuwapa.

Karne nyingi zilizofuata zaweza kupitwa upesi, maana hazikuongeza mengi. Watu waliumikwa na kukatwa mishipa ili watolewe damu, hata wale ambao ugonjwa wao ulikuwa kutokwa na damu. Katika miaka ya 1840 tabibu Récamier wa Paris alitengeneza kijiko cha kukwangulia ndani ya mji wa mimba, na chombo hicho kingali kinatumika kwa sura mbalimbali. Mwaka 1872 Robert Battey, mpasuaji wa jimbo la Georgia katika Marekani, alianza kuwatoa wanawake ovari zilizokuwa hazina kasoro yoyote, kwa kuwa hedhi zao zilikuwa za taabu. Upasuaji huo ulienea kwa kasi ya ajabu kabla haujalaaniwa na kuachwa. Ni vigumu kuusoma leo bila hasira. Aliyelalamika maumivu aliondolewa kiungo kizima, na mara nyingi chanzo cha maumivu kikabaki mahali pake.

Maarifa yenyewe yalianza kupatikana mbali sana na miji hiyo mikubwa, katika visiwa vya Åland, vilivyo baharini baina ya Uswidi na Ufini. Wakazi wake husema Kiswidi, lakini visiwa vimo katika milki ya Ufini. Ni visiwa vingi vidogo vya mawe, na zamani watu wake walikuwa wavuvi, mabaharia na wakulima wa mashamba madogo, walioana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi kwa sababu bahari haikuwapa nafasi ya kuchagua mbali. Mwaka 1924 mtoto wa kike wa miaka mitano, jina lake Hjördis, aliletwa kutoka kisiwa cha Föglö mpaka hospitali moja ya Helsinki. Mtoto huyo alikuwa akivuja damu tangu utoto wake: puani, kwenye fizi, na chini ya ngozi akigongwa kidogo tu. Alipokuwa na miaka mitatu alikatika mdomo wa juu, na kidonda kile kilitoka damu siku tatu hata akakaribia kuzimia. Ndugu zake walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa na taabu hiyo kwa kadiri mbalimbali; baadhi ya dada zake walikuwa wamekwisha kufa kwa kuvuja damu wangali wadogo. Wazazi wake wote wawili walitoka katika koo zenye dalili hizo.

Tabibu aliyempokea aliitwa Erik von Willebrand, mtu wa makamo, aliyezaliwa mwaka 1870, mpole kwa sifa aliyoachiwa na waliomjua. Tendo lake la kwanza lilikuwa la kawaida, lakini ndilo lililomtenga na wengi waliomtangulia: aliuliza habari za ukoo, akaziandika. Akachora mti wa nasaba wa watu 66. Kati yao 23 walikuwa na ugonjwa wa kuvuja damu, na katika hao 16 walikuwa wanawake na 7 wanaume. Hesabu hiyo ilimshtua. Ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu uliojulikana wakati ule ulikuwa hemofilia, ule uliozitesa nyumba za wafalme wa Ulaya. Nao, kwa jinsi ulivyoeleweka wakati ule, uliwapata wanaume, wanawake wakawa wabebaji tu. Ugonjwa wa Föglö haukuifuata sheria hiyo. Zaidi ya hayo, von Willebrand alipima muda wa kuvuja kwa kuchoma ngozi na kungoja damu ikome, akakuta inachukua muda mrefu kupita kiasi, ingawa vile vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha vilikuwa kwa idadi yake ya kawaida. Mwaka 1926 alitangaza matokeo yake kwa Kiswidi katika jarida la matabibu wa Ufini, akauita ugonjwa huo hemofilia ya uongo ya kurithi. Ulimwengu haukusikia sana mpaka alipoandika tena kwa Kijerumani mwaka 1931.

Sasa hujulikana kwamba ugonjwa huo huwarithi wanaume na wanawake sawasawa. Kwa nini, basi, wanawake walikuwa 16 na wanaume 7? Jibu liko katika maisha yenyewe. Mwanamume mwenye ugonjwa mwepesi wa namna hii aweza kuzeeka bila kujua kwamba anao, ila ang'olewe jino au apigwe shoka mguuni. Mwanamke hujaribiwa kila mwezi, kisha hujaribiwa kila anapojifungua. Ule mti wa nasaba wa Föglö ulikuwa unaandika hedhi, ingawa mchoraji wake alikuwa akitafuta pua na fizi.

Na hedhi ndiyo iliyomwua Hjördis. Alivunja ungo, akapita miezi mitatu, na katika hedhi yake ya nne, akiwa na umri wa miaka 13, alivuja damu mpaka akafa. Ugonjwa wake ulikuwa umeandikwa, umechorwa, umetangazwa kwa lugha mbili au ulikuwa karibu kutangazwa. Lakini dawa haikuwapo. Benki za damu nazo zilikuwa bado: ile ya kwanza katika hospitali za Marekani ilifunguliwa Chicago mwaka 1937. Huyu ni mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulipewa jina la tabibu wake, nao hujulikana hivyo hata leo, ugonjwa wa von Willebrand. Ni desturi ya utabibu kuyapa magonjwa majina ya waliyoyaeleza, si ya waliyoyaugua, na desturi hiyo haitabadilika kwa kulalamikiwa. Tabibu alifariki mwaka 1949, asijue ni kitu gani hasa kilichopungua katika damu ya mtoto yule.

Kitu hicho kilijulikana kuwa kimo katika majimaji ya damu kwa juhudi za Waswidi, na wawili katika waliotangulia kazini walikuwa wanawake: Inga Marie Nilsson wa Malmö na Margareta Blombäck wa Stockholm, pamoja na Birger Blombäck. Walikuwa wamepata njia ya kutenga sehemu fulani ya majimaji ya damu ya watu wazima wa afya. Mwaka 1956 walimtia sehemu hiyo mwanamke kijana wa Malmö aliyekuwa katika hatari kwa kuvuja, na damu ikakoma. Mwaka uliofuata, 1957, Nilsson na wenzake walisafiri mpaka Åland kuwapima jamaa waliobaki wa ukoo ule ule, wakathibitisha kwamba ugonjwa wa visiwani na ule wa Uswidi ni mmoja. Haukuwa katika mishipa, wala katika vijichembe. Palikuwa na kiungo cha damu kilichopungua, na kiungo hicho huweza kutolewa kwa mtu mmoja na kupewa mwingine. Mwaka 1977 Pier Mannucci na wenzake wa Italia walionyesha kwamba dawa iitwayo desmopresini, iliyokuwa ikipewa watu wanaokojoa mno, huuamsha mwili wa wagonjwa wengi wa namna nyepesi utoe akiba yake wenyewe ya kiungo hicho. Leo ugonjwa wa von Willebrand huhesabiwa kuwa ndio ulioenea zaidi katika magonjwa ya kurithi ya kuvuja damu.

Lakini si kila hedhi nyingi hutoka katika damu yenyewe. Nyingi husababishwa na uvimbe katika mji wa mimba, au na kutolingana kwa homoni, hasa miaka michache baada ya kuvunja ungo na miaka michache kabla ya kukoma hedhi. Na maumivu yana habari yake. Kiswahili kina neno chango, ambalo wazee hulitumia kwa maumivu mengi ya tumbo la wanawake. Ni neno lenye huruma, walakini upana wake umeyafunika magonjwa mengi yaliyo mbalimbali chini ya mwamvuli mmoja. Madaktari wa Ulaya hawakuwa na neno bora. Hata katikati ya karne ya ishirini walikuwapo walioandika kwamba maumivu ya hedhi ni matokeo ya malezi mabaya au ya chuki ya mwanamke juu ya hali yake ya kike. Mwaka 1957 mtafiti Pickles, Mwingereza, alieleza kwamba katika damu ya hedhi yenyewe mna kitu kinachoifanya misuli ijikaze. Vitu hivyo ni prostaglandini. Hujengwa katika utando wa mji wa mimba na kuubana kama mkono unavyokamua nguo. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huzuia mwili usivitengeneze, na mwaka 1982 akashiriki tuzo ya Nobel. Hoja ya malezi mabaya haikujibiwa kwa hoja. Ilijibiwa na kidonge kinachouzwa dukani.

Kipimo chenyewe, kile cha Wayunani, kilingoja mpaka miaka ya 1960. Katika mji wa Göteborg, Leif Hallberg na wenzake waliwaomba wanawake 476 wa umri mbalimbali wahifadhi vitambaa vyao vyote vya hedhi moja na kuvileta. Kazi hiyo haikuwa ya heshima machoni pa watu, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeifanya kwa ukubwa huo kabla yao. Vitambaa viliroweshwa katika maji ya magadi makali, rangi ya damu ikatoka, na wingi wake ukapimwa kwa rangi. Matokeo yalitolewa mwaka 1966. Wastani ulikuwa karibu mililita 40, na wanawake waliopita mililita 80 ndio walioanza kuonyesha dalili za kupungukiwa na madini ya chuma mwilini. Kotile mbili za Wayunani zilikuwa zimeuzidi mpaka huu mara sita.

Utafiti huo ulionyesha na jambo la pili. Wako wanawake waliopita mpaka ule nao wakasema hedhi yao ni ya kadiri, au hata chache. Na wako waliotokwa na damu kidogo wakaiona nyingi. Wa kwanza hawakuwa waongo. Mtu hupima kwa kile anachokijua, na binti aliyekulia katika nyumba ambayo mama, shangazi na dada hufua mashuka kila mwezi, hana sababu ya kudhani kwamba kwa jirani mambo ni mengine. Lakini matabibu wengi walilichukua jambo hilo upande wa pili tu: wakasema kwamba maneno ya mwanamke hayategemewi, ila damu yake ipimwe. Na kwa kuwa hapana zahanati iliyokuwa ikiyeyusha vitambaa katika magadi, haikupimwa, wala maneno hayakusikilizwa. Kipimo kilichozaliwa ili kuwasaidia wanawake kikawa mlango wa kuwafungia nje. Upotovu huu ulidumu zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2007 taasisi ya Uingereza inayowatolea madaktari mwongozo wa tiba iliuacha mpaka wa mililita 80 katika maelezo yake, ikasema kwamba hedhi nyingi ni ile inayoharibu maisha ya mwanamke mwenyewe, mwilini, moyoni, katika kazi zake na katika mali yake. Shahidi akawa yeye.

Wakati huohuo dawa zilikuwa zikipatikana. Katika Japani iliyochakazwa na vita, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, walichagua kuchunguza damu kwa sababu ya umaskini: vifaa vikikosekana, waliweza kutumia damu yao wenyewe. Utako alilenga vifo vya wanawake wanaovuja baada ya kujifungua. Mwaka 1962 walitangaza asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia donge la damu lisiyeyuke kabla ya wakati wake. Hedhi ni mahali pake hasa, maana utando wa mji wa mimba huyeyusha madonge kwa nguvu. Mwanamke akiimeza siku zile za damu nyingi, damu yake hupungua kwa theluthi au hata karibu nusu. Ufini nayo, nchi ya von Willebrand, ilikuwa ya kwanza mwaka 1990 kuuza kitanzi chenye homoni, kinachopunguza hedhi kupita dawa za kumeza.

Utako Okamoto hakufaulu kuwashawishi wazalishaji wa wakati wake waijaribu dawa ile kwa waliojifungua. Jaribio kubwa lilifanywa alipokuwa mzee sana: wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Matokeo yalitoka mwaka 2017, nayo yalionyesha kwamba dawa ikitolewa mapema, vifo vya kuvuja damu hupungua. Utako alikuwa amefariki mwaka 2016, mwenye umri wa miaka 98.

Leo msichana anayemwendea daktari au mkunga kwa hedhi nyingi zenye maumivu, kama amebahatika kukutana na mwenye elimu, huulizwa maswali ambayo hayahitaji chombo chochote. Je, damu imekuwa nyingi tangu hedhi ya kwanza? Hupita siku saba? Hulazimika kubadili kitambaa kila saa moja au mbili, au kuamka usiku kwa ajili hiyo? Hutoka mabonge? Huona kizunguzungu, au kuchoka kusikoelezeka? Kisha huja maswali yanayoonekana kuwa nje ya shabaha: ameng'olewa jino, na damu ilikoma lini? Hutokwa na damu puani? Na mama yake, na dada zake, na shangazi zake, hali zao zilikuwaje walipokuwa na umri wake? Majibu ya maswali hayo ya mwisho yalikuwako yote Föglö mwaka 1924, vinywani mwa watu wa nyumba moja.